Mlio wa Redio Katika Gari la Umeme

Kila asubuhi kabla ya shule, Babu Emil Vondra aliinua kidole kimoja, na meza nzima ikanyamaza. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Redio ndogo iliyowekwa juu ya jokofu ilikuwa ikitangaza bei ya mahindi, bei ya ng'ombe, na hali ya hewa ya kaunti yao katika nyanda za Nebraska, barabara kwa barabara. Adela, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa amezoea tangu utotoni kutafuna mkate wake bila sauti mpaka kidole kile kishuke.

Mabishano yaliingia nyumbani mwezi Machi, Mama Renata aliponunua gari la umeme la kumpeleka kazini hospitalini. Lilikuwa gari zuri, jepesi na lisilo na moshi. Kasoro yake ilikuwa moja. Lilipowashwa, mitambo yake ya umeme iliivuruga redio ya AM, masafa ya kituo cha kaunti, nacho kikageuka kuwa mlio mtupu, kama vitunguu vinavyokaangwa katika mafuta mengi.

"Gari gani hili lisilojua bei ya mahindi?" Babu alinung'unika.

"Baba, lina redio ya setilaiti. Vituo mia tatu!" Mama akamjibu.

"Mia tatu, na hakuna hata kimoja kinachojua mvua inanyesha wapi hapa kwetu."

Mama aliweka amri: mtoto asiingie garini peke yake. Adela akaivunja. Redio ya jikoni haikuguswa na mtu ila Babu, naye Adela alipenda mno matangazo ya mchezo wa besiboli. Kwa hiyo Mama alipolala baada ya zamu, msichana huyo alichukua ufunguo, akanyatia hadi banda la mitambo ya shamba, lilimoegeshwa gari, akajifungia garini. Humo aligundua jambo ambalo watu wazima hawakulijua: gari likizimwa kabisa, kisha redio peke yake ikawashwa, ule mlio hutoweka na sauti husikika safi.

Mwishoni mwa Aprili mchezo ulikuwa mrefu. Redio ikamaliza betri ndogo, ile inayowasha mitambo ya gari, gari likakataa kuwaka, na Mama akachelewa kazini. Lawama zilimwangukia Corwin, kaka yake Adela, kwa kuwa aliwahi kukutwa humo mara moja.

"Si mimi, Mama! Haki ya Mungu si mimi!"

"Basi ni nani? Ni ng'ombe?"

Adhabu yake ilikuwa nzito. Watoto wa mashambani, wafikishapo miaka kumi na minne, hupewa kibali cha kuendesha gari hadi shuleni. Corwin alikuwa amekisubiri tangu akiwa na miaka kumi. Mama akakiahirisha hadi majira ya vuli. Adela alisimama pale pale, akavitazama vidole vya miguu yake.

Wiki tatu baadaye, saa kumi na moja jioni, wote wanne walikuwa wakirudi kutoka mashindano ya riadha. Mama aliendesha, Babu ameketi kando yake. Huko nyuma Corwin alikuwa akimtania dada yake.

"Umeniona nilivyowaacha? Wewe ungekimbia mbio zile, wangekutafuta kwa tochi."

Adela alikuwa akitazama nje. Mbingu ya kusini magharibi ilikuwa imegeuka kijani kibichi, rangi ambayo kila mtoto wa nyanda zile huiogopa. Mvua ya mawe ikaanza kupiga paa. Kisha, kwa mbali, ving'ora vya mjini vikalia.

"Kimbunga," Babu alisema kwa sauti ya chini. "Tafuta habari."

Mama alijaribu simu. Hapakuwa na mtandao. Akafungua redio ya setilaiti. Ilikatika, ikarudi, ikakatika tena. Iliporudi, mwanamke mwenye sauti tamu alikuwa akieleza msongamano wa magari mjini Chicago.

"Chicago!" Babu alifoka. "Weka AM."

Mama akaweka. Mlio ule ule ukajaa gari lote. Ndani yake, mbali sana, palikuwa na mtu anayesema, lakini hakuna neno lililoshikika.

Walifika makutano ya Barabara ya Tisa na Barabara R, Mama akasimama. Nyumbani kulikuwa kusini, maili tatu tu, kupitia Barabara S, T na U, na kulikuwa na chumba imara chini ya ardhi. Lakini kusini kulikuwa na ukuta wa mvua mweusi. Kimbunga kingeweza kuwa ndani yake, au nyuma yake, au kimekwisha kupita.

"Nitakimbiza gari. Dakika nne tumefika," Mama alisema.

"Usiende, Renata. Hatujui kiko wapi."

"Na tukikaa hapa, Baba, tutajua kikishatubeba!"

Mama alishika usukani kwa mikono miwili. Adela alimtazama Corwin, ambaye sasa hakuwa na utani tena. Akisema, kila mtu atajua kwamba kwa wiki tatu alimwacha kaka yake abebe kosa lake. Asiposema, Mama ataondoa mguu kwenye breki.

Gari likaanza kusogea.

"Mama, simama! Zima gari!"

"Adela, huu si wakati wa—"

"Lizime kabisa! Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja bila kukanyaga breki. Redio itasikika. Najua, kwa sababu ni mimi niliyemaliza betri. Nilikuwa nasikiliza besiboli. Si Corwin. Ni mimi!"

Corwin aligeuka. "Wewe?"

Mama alizima gari, akabonyeza kitufe. Mlio ukakatika kama uliokatwa kwa kisu, na sauti ya mtangazaji wa kaunti ikajaa masikioni mwao, tulivu na ya haraka:

"...kimeonekana na wazima moto Barabara ya Saba, kati ya T na U, kimefichwa na mvua. Kinaelekea mashariki. Kitavuka Barabara ya Tisa dakika tatu zijazo. Mlioko Barabara ya Tisa, msiende kusini. Narudia, msiende kusini. Nendeni kaskazini, mtafute hifadhi."

"T na U," Babu alisema. "Tungekuwa hapo hasa."

Mama akakanyaga breki, akabonyeza kitufe. Kioo cha vipimo kikabaki cheusi. Adela akafumba macho. Mama akabonyeza tena, taa zikawaka. Aliligeuza gari, wakarudi kaskazini maili moja hadi kanisa la matofali, ambalo chumba chake cha chini hakifungwi tangu Aprili hadi Agosti, msimu wa vimbunga. Walishuka ngazi mbiombio. Ngurumo ilipita upande wa kusini kama treni ndefu ya mizigo, na taa zikazimika.

Walipotoka, jua lilikuwa limerudi. Wakaenda kusini polepole. Kati ya T na U, nguzo za umeme zilikuwa zimevunjika moja baada ya nyingine, na mtambo mrefu wa kumwagilia mahindi ulikuwa umejikunja katikati ya barabara. Mama aliutazama kwa muda mrefu.

"Corwin," alisema, "nilikuonea. Kesho tunakwenda kuchukua kibali chako. Nawe Adela, hutagusa redio yoyote mpaka vuli, na utaosha gari hili kila Jumamosi."

"Ndiyo, Mama."

Babu aligeuka katika kiti chake. Hakutabasamu.

"Mjukuu wangu, umetuokoa, na sitalisahau. Lakini nisikilize vizuri. Ungesema ukweli siku ile ya betri, leo tungejua la kufanya tangu ving'ora vilipolia. Uongo wako ulificha kosa, ukaficha na dawa yake. Leo umesema kweli kwa kuogopa kifo. Hilo hata mwoga huliweza. Nataka nikuone ukisema kweli siku ambayo hakuna kinachokutisha."

Adela aliinamisha kichwa. Kisha akakiinua, akamgeukia kaka yake, ingawa hakuna aliyemwagiza.

"Siku ile ulipokuwa ukilia bandani, nilikusikia. Nikaondoka. Nisamehe."

"Sikuwa nalia," Corwin alisema. Halafu akasogea, akampa dada yake nafasi ya dirishani.