Mgeni wa Doonside Aliyegeuzwa Yaya

Jumapili ile nyumba ya Léonie pale Doonside, Sydney, ilinukia sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaanga. Ange, binti wa kaka yake, alikuwa amewasili kutoka Launceston, kule kisiwani Tasmania, kuja kusomea uuguzi katika chuo kikuu cha serikali. Wanakwaya walijaa sebuleni wakiimba. Balagizi, mume wa Léonie, alimwombea msichana baraka.

"Hapa ni kwenu," Léonie akamwambia akimkumbatia. "Wewe soma tu."

Ndugu zangu tunaoishi huku Sydney, ulimi hauna mfupa.

Wiki haikuisha. Léonie, anayehudumia wazee, alianza kukubali shifti za asubuhi. Balagizi alifanya kazi za usiku ghalani na mchana alilala. "Ange, unipelekee watoto shule. Leo tu." Ile leo tu ikazaa kesho tu. Punde Ange akawa ndiye anayewaamsha watoto, anayewavisha, anayewafuata mchana na kuwapikia.

Chuoni alikuwa mgeni kabisa. Wenzake wengi walijuana tangu sekondari za hapahapa Sydney, wakicheka mambo ya mitaa asiyoijua. Aliyemsogelea ni Mutanu, msichana wa Kikenya, akamwingiza kwenye kundi lao la masomo.

"Kuja tukule na sisi," alimwambia. "Kila siku uko pekee yako, kwani sisi tunauma?"

Ange alicheka, mara ya kwanza tangu afike. Lakini kila alipoalikwa alijibu, "Siku nyingine," akakimbilia treni.

Siku ya kundi lao kuwasilisha kazi mbele ya mwalimu, simu ililia; ni shangazi yake, Léonie.

"Ange, mdogo ana homa, shule inaniita. Siwezi kutoka kazini."

"Tantine, leo ni mtihani wetu. Papa Balagizi si yuko nyumbani?"

"Nimwamshe mwanaume aliyekesha kazini? Baba yako alikufundisha hivyo?"

Ange akachukua mkoba. Mutanu akamzuia mlangoni. "Ukienda saa hii, usirudi kwa hii group. Tumechoka kukungoja."

Akaenda. Baadaye alikosa asubuhi nyingi za mazoezi hospitalini, akafeli mwaka mzima.

Baba yake, Christian, alimpigia dada yake kuuliza kulikoni. "Mtoto wako amepata marafiki wabaya," Léonie alisema. "Nimemshauri mpaka nimechoka."

Marafiki! Ange ambaye hakuwa na hata mmoja.

"Umenitia aibu," baba akamwambia bintiye, akakata simu. Ange alipiga tena na tena, haikupokelewa. Akahamia Lidcombe, mtaa mwingine wa Sydney, chumba kimoja na msichana aitwaye Ikirezi, akapata kazi ya kufunga maboksi.

Pasaka, Christian alikuja kumsalimu dada yake. Mezani Léonie akaanza kulalamika. "Tangu mtoto wako aondoke ninateseka. Mwaka jana sikukosa shifti hata moja ya asubuhi. Sasa nani atanipelekea watoto shule?"

Christian akaweka tonge chini. "Kila asubuhi? Na yeye alisoma saa ngapi?"

Balagizi akainamia sahani yake. Christian akainuka mezani, akaenda kumtafuta bintiye.

Christian alimkuta Ange mlangoni Lidcombe, amevaa fulana ya kazi ya rangi kali.

"Mwanangu, nisamehe. Rudi chuoni."

"Nimekusamehe, papa," Ange alisema bila kumtazama. "Lakini nilikupigia sana. Sasa ninachelewa kazini."

Akampita. Mpaka leo hajarudi darasani, na Christian na Léonie hawasalimiani hata msibani.

FUNZO

Mtoto wa ndugu si yaya wa bure. Ukimkaribisha mwanafunzi, umekaribisha na masomo yake, na hao marafiki anaowatafuta katika mji asioujua. Ukimnyima muda, umemnyima vyote. Nawe mzazi uliye mbali, msikilize mwanao kabla ya kumhukumu. Vijana, kumheshimu mkubwa si kunyamaza anapokuangamiza. Semeni mapema. Kuna msamaha unaotolewa kwa mdomo, na moyo ukawa umeshaondoka.