Kisasi Kilichokaa Vidoleni

Kila siku baada ya kengele ya mwisho, wenzake wakigombania mpira uwanjani, Sindano alikimbilia chumba cha muziki. Jina hilo alibandikwa na darasa zima kwa sababu mbili: alikuwa mwembamba, na ulimi wake ulichoma. Mama yake, ambaye ni fundi cherehani, alicheka akasema jina limefuata kazi ya nyumbani. Chumbani mlikuwa na piano moja kuukuu, na wanafunzi waliicheza kwa zamu. Zamu ya Sindano ikiisha, ilianza ya Malkia.

Malkia naye hakuwa malkia wa popote. Waliomwita hivyo walitazama mwendo wake tu, shingo juu kama mtu aliyebeba mtungi. Yeye na Sindano walikuwa chanda na pete. Walikuwa, nasema, maana haya ninayowasimulia ndiyo yaliyowatenganisha.

Muhula ule mwalimu wao wa muziki, mama mmoja mpole lakini asiyependa mchezo, aliwapa kipande cha piano cha enzi ya ulimbwende. Hiyo ndiyo enzi ambayo watunzi walitaka piano iseme yaliyomo moyoni: mapenzi, huzuni, hata hasira.

"Kukicheza tu hakutoshi," mwalimu alisema. "Kichambueni. Wimbo uko mkono gani? Unabadilika wapi? Na moyo wa kipande uko wapi? Siku ya mtihani, atakayenieleza vizuri na kucheza vizuri, huyo ndiye atakayekicheza mbele ya wazazi siku ya kufunga shule."

Sindano aliitaka nafasi ile kwa kufa na kupona. Mama yake alikwisha kukata kitambaa cha gauni la bluu. Jioni baada ya jioni Sindano alizikodolea macho nota zake mpaka kipande kikamfungukia. Mwanzoni, mkono wa kulia unaimba wimbo mtulivu. Katikati inaingia dhoruba, sauti nzito za besi zinanguruma hadi mtu atamani kuziba masikio. Mwishoni ule wimbo wa kwanza unarudi kwa sauti ndogo, halafu unakatika. Kimya. Ndipo inakuja sauti moja tu ya kumalizia.

"Mkono wa kushoto unatembea kama mtu aliyegombana na nduguye," alimwambia Malkia wakirudi nyumbani. "Sasa anarudi, hajui atapokewaje. Na moyo wa kipande hauko kwenye dhoruba. Uko kwenye kile kimya, pale anaposimama mlangoni kabla ya kubisha."

"Mh! Wewe nawe una akili," Malkia alisema.

Kesho yake mwalimu alipouliza darasani moyo wa kipande uko wapi, mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Malkia. Akasema yote. Mtu aliyegombana na nduguye, kusimama mlangoni, yote, neno kwa neno! Darasa likapiga makofi.

"Hayo ni yangu!" Sindano aliruka. "Nilimwambia mimi jana!"

"Wivu huo!" mmoja akadakia nyuma, na darasa zima likaangua kicheko. Malkia aliangalia dirishani tu.

Weee! Damu ilimchemka Sindano.  Usiku, alipokuwa akimsaidia mama yake kukunja pindo la gauni, alikuwa akisema moyoni, nitamkomesha. Nitamkomesha mpaka ajute kunijua.

Njia akaipata upesi. Malkia alikuwa na tabia ya kuwahi zamu yake. Aliketi nje kwenye benchi, akatega sikio mlangoni, kisha akaingia na kuiga alichosikia. Basi toka siku ile Sindano akaanza kumtegea. Alipofika mwisho wa kipande, mahali pa sauti ndogo, alivigonga vitufe kwa nguvu zote, na kile kimya akakiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Kisha akajisemea kwa sauti ya kusikika nje: "Naam! Moyo wa kipande ni kelele! Mwalimu atafurahi!"

Alipotoka, alimkuta Malkia kwenye benchi, vidole vikicheza magotini. Kaingia mkenge, Sindano aliwaza, akaenda zake akitabasamu. Alifanya hivyo siku zote zilizobaki. Raha iliyoje! Kila pigo lilikuwa kofi kwenye shavu la Malkia. Yeye mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Ukweli aliujua, na siku ya mtihani angeucheza.

Siku ikafika. Malkia ndiye aliyetangulia.

"Nimebadili mawazo, mwalimu," alisema kwa madaha. "Moyo wa kipande ni kelele za mwisho." Akacheza, akavigonga vitufe, akakiruka kimya. Mwalimu akakunja uso. Sindano kidogo apige kelele kwa furaha. Haya, onja! alisema moyoni. Onja na wewe!

Zamu yake ikaja. Alieleza kila kitu kama maji yanavyotiririka, na mwalimu akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaketi. Mwanzo ukaenda vizuri, dhoruba ikanguruma ikapita, wimbo ukarudi, na hapo mikono yake ikapanda yenyewe. Akagonga. Akagonga tena, akakiruka kimya, akatua kwenye sauti ya mwisho kwa kishindo. Akabaki akiitazama mikono yake kama si yake.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Mdomo umesema hivi, mikono imesema vile," mwalimu alisema taratibu. "Na kosa ni lile lile la mwenzako, mahali pale pale, kwa nguvu zile zile. Kwenye nota halimo. Nani kamfundisha mwenziwe?"

Machozi yakamtoka Sindano, na maneno yakafuata. Alisema yote, mtego na hasira. Malkia aliinamisha ile shingo yake kwa mara ya kwanza. "Mimi ndiye niliyeanza, mwalimu. Maneno yale ya mlangoni ni yake. Niliyaiba."

Mwalimu akakata shauri. "Siku ya kufunga shule nitacheza mimi. Ninyi wawili mtasimama mbele ya wazazi. Sindano ataeleza kipande. Wewe Malkia utatangulia kusema uchambuzi huo ni wa nani."

Ikawa hivyo. Malkia alisema mbele ya ukumbi mzima, na Sindano akaeleza ndani ya gauni lake la bluu. "Nilishona gauni la mpiga piano, kumbe limevaliwa na msemaji," mama yake alinong'ona, lakini alipiga makofi kuliko wote. Mwalimu alipofika kwenye kile kimya, ukumbi ulishusha pumzi. Vidole vya Sindano vilirukaruka mapajani, vikitaka kugonga.

"Bado vinataka kugonga, mwalimu," alimwambia baadaye, akikaribia kulia.

"Vitataka kwa muda, mwanangu. Wewe ulifikiri unamfanyia Malkia mazoezi ya kukosea, kumbe ulikuwa unajifanyia mwenyewe. Chuki ukiirudia kila siku, hukaa kwako, si kwa unayemchukia. Ukidhulumiwa, njoo useme, na usipoaminiwa, sema tena. Mimi pia nilikosa. Ulisema siku ile, na sikukusikiliza. Haya, kesho tunaanza upya, polepole, mkono mmoja mmoja."

Kesho yake Sindano alirudia mwisho wa kipande hadi vidole vikauma. Nje, benchi likalia. Alijua ni nani. Hakuwa amemsamehe, tusidanganyane. Hata hivyo aliinuka, akafungua mlango.

"Ingia ndani," alisema. "Huko nje kimya hakisikiki."