Jibu la Fundi Laban

Kila siku baada ya masomo Kaluki alivua sare, akanywa uji wake, kisha akashuka hadi gereji ya baba yake pale Kyumbi, karibu na njia panda. Kazi yake ilikuwa kushika simu. Baba yake, Fundi Laban, alikuwa mtengenezaji wa breki aliyejulikana hadi Kangundo, lakini mikono yake ilishinda imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Kwa hivyo Kaluki, msichana wa Gredi ya Saba, alimsomea ujumbe kwa sauti. Baba alijibu akiwa chini ya gari, naye akaandika.

Ujumbe mwingi ulitoka kwenye kundi la mtandaoni la mafundi na wauzaji magari. Jeff, aliyeuza magari ya mitumba mjini Machakos, alilianzisha na watu tisa. Sasa walikuwa zaidi ya mia sita: mafundi, wauza vipuri, madereva wa malori ya kuvuta magari, hata mawakala wa bandarini Mombasa. Mtu akitafuta gia boksi asubuhi, kabla ya saa nne alikuwa ameelekezwa ilipo.

"Kundi ni zuri," baba alipenda kusema, "lakini halina chai."

Kaluki alijua baba anakumbuka nini, maana yeye pia alikumbuka, ingawa wakati huo alikuwa mdogo. Jumamosi mafundi walikuja wenyewe. Waliketi juu ya tairi kuukuu, kila mmoja na kipuri chake kilichofungwa kwa gazeti. Mama alileta sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na birika kubwa la chai. Mzee Mulwa wa Kangundo alifumba macho akasikiliza injini ikinguruma, kisha akataja ugonjwa wake, na wengine wakabishana naye hadi wakachoka kwa kucheka. Kaluki alipitishwa kutoka goti hadi goti, akanukia petroli siku nzima. Kisha simu zikaja, na mmoja baada ya mwingine wakaacha kusafiri. Kwa nini upande gari mara mbili kuuliza swali ambalo picha moja ingemaliza?

Ijumaa moja baba alikwenda mjini kwa mchonga vyuma, akamwachia Kaluki simu.

"Akiuliza mtu, mwambie nitajibu jioni," alisema.

Haukupita muda, Katunge, fundi wa kike wa Muthetheni, aliandika: "Fundi Laban, shikamoo. Niko na pikapu ya Mzee Kitonga. Ukikanyaga breki na kushikilia, pedali inazama polepole. Oili haivuji nje. Shida ni nini?"

Kaluki alitabasamu. Pedali kuzama! Mara ngapi alikuwa amemsikia baba akisema, "Hiyo ni hewa imeingia, itoe"? Vidole vyake vikamwasha. Akaandika: "Toa hewa tu. Itapona."

Papo hapo watu wakaanza kumsifu. "Laban haachi swali," mmoja aliandika. "Huyo ndiye mwalimu wetu," akasema mwingine. Kaluki alisoma sifa zile mara tatu, akajihisi kama ni yeye aliyesomea breki miaka ishirini. Baba aliporudi jioni, Kaluki hakumweleza kwamba alikuwa amejibu.

Kesho yake asubuhi mteja alileta gari dogo. Baba alikanyaga breki, akashikilia kimya, kisha akamwita Kaluki aone.

"Tazama. Nimeshikilia, na bado inazama polepole. Wengi wangesema ni hewa. Hewa hufanya pedali iwe laini kama sponji. Hii inayozama polepole, na oili haionekani nje, ni silinda kuu, ile inayosukuma oili, imechoka. Mpira wake wa ndani umeisha. Ukitoa hewa itadanganya kidogo kwamba imepona, kisha siku moja itakuacha kwenye mteremko."

Kaluki alilikumbuka jibu alilompa Katunge. Alijificha nyuma ya ukuta, akalitafuta lile jibu, akalifuta. Likatoweka kwenye simu. Lakini Katunge alikuwa amelisoma tangu jana, na kichwani mwake halikufutika. Kaluki alimwona akilini Mzee Kitonga akishika usukani, akikanyaga, akikanyaga tena.

Alirudi mbio. "Baba, nimefanya jambo baya!"

Alimweleza yote, hata kule kufuta. Baba hakumkaripia. Aliinyakua simu kwa mikono ile ile yenye grisi, akampigia Katunge.

"Aliondoka nusu saa iliyopita," Katunge alisema. "Anapeleka maparachichi Machakos. Simu yake haishiki. Fundi, si ulisema nitoe hewa?"

"Nitakueleza. Endelea kumpigia."

Kisha baba akatuma sauti kwenye kundi: "Jamani, yeyote aliye kwenye njia ya Muthetheni kuja Machakos! Pikapu nyeupe imebeba maparachichi, dereva ni Mzee Kitonga. Breki zake si salama. Msimamisheni kabla ya mteremko wa kuingia mjini!"

Baba na binti waliinamia simu, vichwa vikigusana.

"Imenipita dukani kama dakika tano zilizopita," aliandika Kavutha, muuza vipuri.

"Hapa haijafika. Naingia barabarani," akajibu Ndunda, dereva wa lori la kuvuta magari.

Kaluki alijikuta akiomba bila sauti. Hatimaye sauti ya Ndunda ikaja, ikihema: "Nimempungia shati langu, amesimama. Mzee alikuwa ananigombeza, nikamwambia akanyage breki na kushikilia. Wuui! Pedali imefika chini kabisa. Mteremko uko hapo mbele."

Baba aliketi chini, akashusha pumzi.

"Utawaambia ni mimi?" Kaluki aliuliza.

"La. Utawaambia mwenyewe."

Alishika simu, akawatumia sauti watu mia sita asiowaona. "Mimi ni Kaluki, binti wa Fundi Laban. Jibu la jana halikuwa la baba. Nililiandika mimi, kisha nikalifuta ili msijue. Dada Katunge, Mzee Kitonga, nisameheni."

Mchana Ndunda alifika gerejini na pikapu juu ya lori, Mzee Kitonga akiwa ndani; Katunge naye alikuwa amepanda matatu kuwafuata. Mzee alishuka, akamwendea Kaluki.

"Wewe ndiye uliyetaka kuniua, na wewe ndiye uliyeniokoa kwa kusema," alisema. "Wengine hawasemi."

Katunge alifungua silinda, akamwonyesha Kaluki mpira uliolika kama kifutio cha mwanafunzi. "Hata mimi nimekosa," alisema. "Niliona dalili, lakini nikaliamini jina kuliko macho yangu."

Baba alikuwa akipangusa mikono kwa kitambaa. "Zamani tulikaa hapa tukitazamana," alisema. "Mtu akibahatisha, uliona macho yake yakikimbia, ukacheka, ukamuuliza mwingine. Kwenye simu hakuna macho, kuna neno tu. Na neno likitoka, mtu wa Muthetheni anaweka uhai wake juu yake. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi hata kidole kinaandika, kwa hivyo kichunge vilevile. Kutojua si aibu, Kaluki. Aibu ni kujifanya unajua."

Jumatatu jioni simu ililia. Fundi mmoja wa Mwala aliuliza kwa nini gurudumu lake la nyuma linapata moto. Baba alikuwa amekwenda dukani. Kaluki alifikiri kidogo, kisha akaandika: "Ni Kaluki hapa. Hilo silijui. Baba akirudi nitamuuliza."

Baba alirudi, akasoma maneno hayo juu ya bega lake.

"Hapo," alisema, "umejibu kama fundi."