Bamba Chini ya Gari

Asubuhi katika ua ule huanza kwa kelele ya grenda. Fundi wa kuchomelea, ambaye mtaa mzima humwita Chuma, hukata vyuma vya milango na madirisha mbele ya nyumba yake. Mke wake, Mama Pacha, hushona nguo barazani. Kila siku hulalamika kwamba cheche zitatoboa gauni la mteja kabla mwenyewe hajalivaa. Mama yake Chuma, ambaye wote humwita Bibi, hukaa kwenye kiti karibu na banda la kuku. Macho yake ni dhaifu, lakini pua yake ni kali. Chakula kikishika chini ya sufuria, Bibi ndiye wa kwanza kujua.

Familia ina gari moja kuukuu la viti saba. Giaboksi yake ni ya otomatiki, yaani gia hujibadilisha zenyewe. Gari hilo hupeleka milango kwa wateja, huwapeleka watoto wao pacha shule, na humpeleka Bibi kwenye ibada. Kabla halijaondoka, Bibi hugusa dashibodi na kuomba.

"Ee Mungu, tutangulie. Utufikishe, uturudishe."

Siku moja gari lilipita vibaya kwenye tuta la barabarani. Kitu kilipasuka chini. Tangu hapo likawa linaburuta kipande cha plastiki, krrr, krrr, mpaka watoto wa mtaani wakawa wanaliigiza.

Chuma alilala chali chini ya gari akatazama. Lilikuwa na kikingio cheusi cha plastiki. Katikati yake palikuwa na kipande kilichopinda kama kata ya kuchotea maji, mdomo wake ukielekea mbele. Chuma alikivuta, kikatoka chote.

"Ona walichotuwekea," alisema, akikigonga kwa bisibisi. "Plastiki! Hata hailii."

Chuma hakuwa na imani na kitu kisichoita kikigongwa.

"Hicho kilichopinda nipe mimi," alisema Bibi. "Kuku wanywee maji."

Kwa hiyo kile kipande kikaenda kwa kuku. Chuma akachagua bamba zuri la chuma. Akalikata, akalikunja pembeni, akalifunga kwa bolti kuanzia chini ya injini mpaka nyuma ya giaboksi. Kazi ilikuwa safi. Hata mende asingepata pa kupenya.

Jirani yao, fundi wa giaboksi ambaye watu humwita Mama Giya, alikuwa anapita. Aliinama akachungulia.

"Wee Chuma, umelivalisha gari koti?"

"Afadhali koti kuliko kutembea uchi, dada yangu."

"Koti kwenye jua hili? Lipitishe kwangu nilitazame."

"Wewe shughulika na gia zako. Mambo ya chuma niachie mimi."

Wakacheka. Mama Giya akaenda zake.

Siku chache baadaye walikuwa wanapanda mlima, na nyuma wamebeba madirisha ya mteja. Bibi akainua uso.

"Mwanangu, nasikia harufu."

"Harufu gani, mama?"

"Kama sufuria iliyosahauliwa motoni."

"Ni rangi ya bamba. Bado mbichi."

"Na hiyo taa nyekundu?" aliuliza Mama Pacha.

"Gari zee hili, taa zake hujiwakia tu. Tazama, imeshazima."

Safari nyingine, mlima uleule, Bibi akasema tena, "Ile harufu imerudi."

Chuma alikuwa amechelewa kwa mteja na hakuwa na subira.

"Mama naye! Macho yamekushinda, sasa pua ndiyo imeota macho?"

Pacha wakaangua kicheko. Chuma naye akacheka. Mama Pacha akamfinya mumewe mkono, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Bibi akageuza uso dirishani. Tangu siku hiyo hakusema tena habari ya harufu.

Asubuhi moja Bibi aliamka jicho lake la kushoto likiwa jekundu kama jeraha. Kichwa kilimuuma mpaka akatapika. Akasema anaona duara za rangi kuzunguka taa, kisha akasema haioni hata hiyo taa.

Muuguzi wa zahanati alilitazama jicho, akamgeukia Chuma.

"Hii ni presha ya macho. Mpeleke hospitali kubwa sasa hivi. Msipitie popote. Kila saa ina maana."

Hospitali kubwa iko juu ya mlima. Chuma alimpakia mama yake kwenye gari, Mama Pacha akakaa kiti cha nyuma yake kumshika kichwa. Nyuma ya gari kulikuwa na geti la mteja. Chuma aliliangalia, akaona kulishusha kutamchelewesha. Akaondoka nalo.

Bibi aligusa dashibodi kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa juu ya jicho. Hakuomba kwa sauti.

Walipovuka daraja, mlima ulianza. Chuma alikanyaga mafuta. Kabla hawajafika kwenye kona kali, taa nyekundu iliwaka, na safari hii haikuzima.

"Simama kidogo," alisema Mama Pacha.

"Nisimame na mgonjwa? Twende tu."

Kwenye kona injini ikanguruma kwa nguvu, lakini gari likapunguza mwendo. Chuma alikanyaga zaidi. Injini ikalia zaidi, na gari likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma. Chuma akavuta breki ya mkono, akaruka nje, akaweka jiwe kwenye gurudumu. Moshi ulikuwa unatoka chini ya gari. Oili nyeusi ilikuwa imejaa juu ya bamba kama kwenye kikaango.

Ile barabara haina magari mengi. Moja lilipita limejaa. Jingine lilipita bila kusimama. Jua likazidi kupanda. Mama Pacha alimkinga mama mkwe wake kwa kanga yake.

"Mama, tangu saa ngapi harufu hii?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu darajani."

"Mbona hukusema?"

"Nilishaambiwa pua yangu imeota macho."

Chuma alisikia. Alisimama karibu na mlango akiwa na spana mkononi, spana isiyokuwa na kazi yoyote. Halafu akamsikia mama yake anaomba, na hili ndilo alilolisikia: "Mungu wangu, nipe subira, nisimtamkie mwanangu neno baya."

Lori la mboga liliwachukua wanawake wawili jua likiwa limeshapinduka. Chuma alifuata baadaye kwa kuomba lifti. Aliwakuta kwa daktari wa macho. Bibi alikuwa amelala, jicho limefunikwa.

"Ndani ya jicho mna maji," daktari alieleza. "Hutengenezwa kila wakati, na yana njia yake ya kutokea. Njia hiyo ikizibwa ghafla, presha hupanda na kuua mshipa wa kuonea. Tumeishusha presha. Lakini kuona, katika jicho hili, hakutarudi."

"Tungefika asubuhi?" aliuliza Chuma.

Daktari alimtazama, kisha akatazama kitanda.

"Mngefika asubuhi tungekuwa na nafasi kubwa zaidi. Sasa tulifikirie jicho la kulia, maana nalo lina hatari hiyohiyo. Atatumia matone haya, kisha mtamrudisha kwa siku tutakayowapangia. Tutatoboa kitundu kidogo kwa mwanga maalumu, maji yapate njia. Msikose."

Gari lilivutwa mpaka kwenye gereji ya Mama Giya. Chuma na mkewe walisimama pembeni wakati anafungua bolti. Bamba lilipodondoka sakafuni, liliita vizuri sana. Hakuna aliyecheka.

Mama Giya alimwaga oili ya giaboksi kwenye beseni. Oili mpya ya gari hilo ni nyekundu. Hii ilikuwa nyeusi kama lami. Akamsogezea Chuma.

"Nusa."

Chuma alinusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii haikuungua siku moja," alisema Mama Giya. "Imeungua kidogo kidogo, kila mlima. Harufu hii nyumba nzima hamkuisikia?"

"Kuna aliyeisikia," alisema Mama Pacha.

Mama Giya akaelewa. Akafuta mikono yake kwa kitambaa, akaketi juu ya tairi.

"Sikiliza, Chuma. Mimi sikusemi. Nakueleza. Ndani ya giaboksi vyuma vinazunguka na kusuguana. Oili inavilainisha, inasukuma gia, na inabeba joto. Mkipanda mlima na mzigo, joto linakuwa kubwa. Lazima lipate pa kwenda. Sehemu moja linapozwa kule mbele kwenye rediata. Sehemu nyingine linapozwa na upepo unaopita chini ya gari. Kwenye kile kikingio chenu palikuwa na mdomo. Gari likitembea, mdomo ule unachota hewa ya barabarani na kuipuliza kwenye giaboksi. Uko wapi?"

"Ule uliopinda?" Chuma alisema taratibu. "Uko kwa kuku."

"Kwa kuku?"

"Wananywea maji."

Mama Giya alitaka kucheka, akaona uso wa Mama Pacha, akaacha.

"Basi kuku wako wanapoa vizuri. Giaboksi ukaifungia ndani ya sanduku. Bamba lako ni imara, sikatai. Lilizuia mawe, na likazuia hewa. Oili ikizidi joto inaharibika. Ikiharibika, visahani vya ndani, vinavyopokeza nguvu ya injini, vinateleza na kuungua. Ndiyo maana injini ililia na gari halikwenda."

"Mimi nilidhani vile vitu vya plastiki ni vya urembo."

"Umbo lake ndilo lenye kazi, si ugumu wake. Kila kitu kilichowekwa chini ya gari, kabla hujakitupa, uliza kinafanya nini."

"Ulinitania habari ya koti," alisema Chuma. "Ungenikemea."

"Ningekukemea ungenisikiliza?"

Chuma aliinama, akaanza kuokota bolti sakafuni.

Kazi haikuwa ndogo. Giaboksi ilibidi ifumuliwe yote, visahani vibadilishwe, mabomba ya oili yasafishwe. Chuma alikwenda gerejini kila jioni kusaidia. Nyumbani Bibi alihudumiwa vizuri, na alijibu kila alipoulizwa. Alisema "asante" na "nimeshiba". Zaidi ya hapo hakuwa na maneno kwa mwanawe. Alikuwa anajifunza kumimina chai kwa jicho moja, na alipoimwaga nje ya kikombe alikataa kusaidiwa.

Mama Giya alipata kikingio kama kile cha mwanzo, chenye mdomo wake. Chuma akauliza kama anaweza bado kuweka bamba, maana mawe ya barabara yale ni makali.

"Weka, lakini liishie chini ya injini tu. Lisifike kwenye giaboksi, na lisiufunike mdomo. Pale waliounda gari walipoacha uwazi, nawe uache uwazi."

Chuma alichukua grenda akalikata bamba lake mwenyewe. Pacha walikaa mbali wakiangalia cheche.

"Kila ukiosha gari, inama uchungulie," Mama Giya aliendelea. "Mdomo huu hujaa matope, nyasi na mifuko. Ukiziba ni kama haupo. Oili itazamwe kila wakati wake. Mkipanda mlima, weka gia ya chini, na mzigo usiohitajika ushushe. Taa ya joto ikiwaka, usiseme twende tu. Tafuta mahali salama, simama, weka gia huru, acha oili ipoe. Ikiwaka tena, ita fundi."

"Na harufu?" aliuliza Mama Pacha.

"Harufu ni taa ya kwanza. Huwaka kabla ya ile nyekundu."

Siku ya hospitali ilipokaribia, Chuma alisema atampeleka mama yake kwa gari. Mama Pacha aliweka kitambaa chini.

"Kwanza upande mlima wewe na fundi. Mama hatapanda mpaka gari lishuke salama."

Wakapanda, wakashuka. Taa haikuwaka. Mama Giya alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwenye karatasi nyeupe. Oili ilikuwa nyekundu na safi.

Asubuhi ya safari Chuma alilitoa geti la mteja mwingine garini, akaliegemeza ukutani. Alilala chini kwenye vumbi, akapitisha vidole ndani ya mdomo wa hewa, akatoa jani moja kavu. Bibi akaingia, akagusa dashibodi. Safari hii aliomba kwa sauti, lakini hakumtaja mtu.

Walivuka daraja. Chuma aliweka gia ya chini. Kwenye ile kona kali, alipunguza mwendo. Doa jeusi la oili bado lilikuwa barabarani. Chuma alilipita polepole.

"Mama," alisema. "Unasikia harufu?"

Kona ilipoisha, Bibi akageuza uso kutoka dirishani.

"Leo ndiyo unaniuliza."

Mama Pacha alitazama mapaja yake. Chuma alingoja, mikono yote miwili kwenye usukani. Bibi akainua uso, akavuta hewa kwa pua mara moja, kisha mara ya pili.

"Hakuna," alisema. "Endesha."

Walifika mapema. Daktari alitoboa kitundu chake kwa mwanga, na Bibi akarudi nyumbani jioni ileile. Jicho la kulia linaona mpaka leo, kwa rehema za Mungu. La kushoto halikurudi.

Gari bado linapanda mlima. Kuku bado wananywea maji kwenye kile kipande cheusi, maana Chuma alikataa kitupwe. Na mteja akija kutaka bamba chini ya gari lake, Chuma humwambia alete gari kwanza, alale chini aone linapumulia wapi. Wengine hukasirika, huondoka kutafuta fundi mwingine.

"Haya makuu yote umefundishwa na Mama Giya?" aliuliza mmoja wao, akimcheka.

"Mama Giya alinieleza," alijibu Chuma. Akatazama upande wa banda la kuku, mahali Bibi alipokuwa amegeuza kiti chake ili jicho zima lielekee mlangoni. "Ada aliilipa mama yangu."

Akashusha kioo cha kuchomelea usoni, akaendelea na kazi.