Saa Nilizozipigania Mimi, Akazifaidi Shoga Yangu

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, na kwa sasa naishi Yombo na wanangu bila mume. Wasomaji wenzangu, msinihurumie kabla hamjanisikia. Haya nayaandika huku damu bado inanichemka, na wala sijifichi... nililipiza kisasi, na kilinoga!

Aliyekuwa mume wangu nitamwita Baba Nasra, kwa jina la binti yetu mkubwa. Ni dereva wa kampuni moja ya kusambaza bidhaa madukani, na godauni lao liko huku huku Temeke. Alfajiri anapakia, kisha Tabata, Goba, Kibamba, duka kwa duka, mlima kwa shimo. Zamani akirudi godauni jioni anakuta gari linapakiwa tena. Ovataimu! Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Ukikataa, kesho yake hukabidhiwi funguo.

Kwa hiyo mume nilikuwa naye kwa jina tu. Anaingia watoto wamelala, anatoka watoto wamelala. Mdogo wetu, Hamisi, akimwona baba yake mchana alikuwa anajificha nyuma ya gauni langu kama kaona mgeni. Niliumia sana jamani...

Halafu ikatokea siku akasinzia kwenye usukani, Barabara ya Morogoro, akitokea Kibamba. Gari likaingia mtaroni. Mungu mkubwa, alivunjika mbavu tu. Nilipokuwa namlisha uji hospitali, aliniambia kwa sauti ndogo kwamba hakumbuki hata alivyofumba macho. Hapo ndipo nilipoapa. Huyu mwanaume atarudi nyumbani jua likiwepo, au mimi si mwanamke!

Madereva walikuwa wamejiunga na chama cha wafanyakazi, wakidai kile kinachoitwa mkataba wa hali bora. Mwenyekiti wao pale kazini alikuwa Mzee Kondo, dereva mkongwe, mtu mpole. Walichokidai hasa ni hiyo ovataimu: dereva asipakiwe mzigo wa jioni bila ridhaa yake, akikubali kuwe na kikomo, na akikataa asiguswe. Mazungumzo yalikwama miezi na miezi. Mabosi hawakutaka kusikia.

Ndipo mimi nikawakusanya wake wa madereva. Tulibeba mikeka, ndoo za maji na watoto mgongoni, tukaketi nje ya geti la godauni. Hatukumtukana mtu, hatukuziba njia. Tulikaa tu! Bosi mkubwa aliposhuka kwenye gari lake kuuliza tunataka nini, wenzangu waliinamisha vichwa. Mimi nikasimama.

"Shikamoo baba," nikamwambia. "Mume wangu mlimchukua mzima, mnanirudishia usingizi mtupu."

Wanawake walipiga vigelegele! Bosi akarudi kwenye gari lake, na siku chache baadaye tukasikia wameitana tena mezani.

Aliyekuwa kando yangu siku zote zile ni Mwajabu. Alikuwa akiuza uji na vitafunwa palepale getini, mwanamke aliyeachika, mcheshi, mwenye maneno matamu. Alitugawia uji bure. Tulilia pamoja, tulicheka pamoja, tukawa mashoga wa kushona sare za sikukuu na kuachiana funguo za nyumba. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Ningejua!

Wiki kadhaa baadaye Baba Nasra akarudi nyumbani uso umekunjamana. Akaniambia mambo yameharibika. Mabosi wamegoma kusaini, na Mzee Kondo kala rushwa, kawauza wenzake. Nilikaa chini pale pale jikoni. Kisha nikakimbilia kwa Mwajabu, maana yeye kila siku yuko getini na hakuna linalompita.

"Shoga, wametuuza mchana kweupe!" akasema huku anajipiga mapaja. "Yule mzee usimwone vile."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Tangu siku hiyo nikikutana na mke wa Mzee Kondo sokoni nageuza uso. Mwanamke wa umri wa mama yangu, namnyima shikamoo! Hata wenzangu wa mikeka nikawakwepa, kwa aibu ya kushindwa. Na mume wangu akaendelea kuchelewa kama zamani. Ovataimu, mama Nasra. Wametukaba, mama Nasra. Nami namkanda mgongo, namchemshia maji ya kuoga, namwombea dua kwa Mwenyezi Mungu asisinzie tena barabarani. Mgongo umechoshwa na nini, sikujua...

Ramadhani ikaingia. Aliniambia anafuturu njiani kwa tende na maji ya chupa, basi. Nilikuwa nikiketi na sahani zangu mbele, chakula hakipiti. Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikapika mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga, nikajaza hotipoti na chupa ya uji, nikapanda bajaji mpaka godauni. Nilitaka kumfurahisha. Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwali!

Geti limefungwa. Magari yote yamepangwa uani, la kwake pia, limeoshwa linang'aa. Mlinzi akanitazama mimi, akatazama hotipoti.

"Mama, hapa nimebaki mie na paka tu," akasema. "Tangu wasaini ule mkataba, jioni madereva wanarudisha funguo, wanasepa. Anayetaka ovataimu anasema mwenyewe. Mzee wako hajawahi kusema hata siku moja."

Nikamuuliza mkataba upi. Akacheka, akidhani namtania.

"Si huo mliokalia mikeka nyie!"

Adhana ililia nikiwa bado nimeshika chuma cha geti. Chakula nikampa mlinzi. Nilifungua kwa maji aliyonipa yeye, mtu baki. Sikulia. Hasira ilikausha machozi yote.

Kesho yake nilienda kwa Mzee Kondo. Nilianza kwa kumpigia magoti mkewe, nikamwomba radhi kwa kiburi nilichomwonyesha. Mama yule akaninyanyua, akanifuta vumbi magotini. Mzee Kondo aliduwaa kusikia kwamba nilikuwa sijui. Akanieleza kuwa mkataba ulisainiwa zamani, na Baba Nasra alikuwepo, tena ndiye aliyembeba mwenyekiti juu juu kwa furaha! Ovataimu sasa ni hiari tupu. Akanisihi nimuulize mume wangu faraghani, taratibu, kwa kuwa tuko kwenye mwezi mtukufu.

Nikaitikia, "Naam, baba." Moyoni nilishaamua vingine.

Maana fikirini wenyewe! Saa zile hazikuletwa na upepo. Nilizikalia juani na mtoto mgongoni. Nilimkabili bosi ambaye wanaume wazima walikuwa wanamkwepa. Nilizipigania zije nyumbani kwangu, kwa wanangu... Amezipeleka wapi? Kwa nani? Mtu anaweza kukuibia pesa ukasamehe. Huyu aliniibia ushindi wangu, akanifanya niendelee kulia msiba usiokuwepo! Nilitaka aumbuke mbele ya watu, na aumbuke kwa mdomo wake mwenyewe.

Nikaandaa futari kubwa. Nikamwalika mama mkwe wangu kutoka Mbagala, kaka zangu, Mzee Kondo na mkewe, na shoga yangu Mwajabu, kila mmoja bila kumtajia wengine. Mwajabu alitoa udhuru, tumbo linamsumbua. Nilidhani naye alidanganywa kama mimi; nikamwonea huruma, nikamtengea sahani yake pembeni, nikaifunika vizuri. Baba Nasra nilimwomba asubuhi awahi kurudi, bila kumwambia kuna wageni. Akaguna kwamba hawezi, leo mzigo ni wa Kibamba.

Adhana ilipolia watu wakafungua kwa tende. Nikasubiri wanywe uji kidogo. Kisha nikaketi katikati ya mkeka, nikampigia simu na kuiweka spika.

"Baba Nasra, uko wapi mume wangu? Tunafuturu huku."

"Niko Kibamba, mama Nasra, nashusha mzigo. Wenzenu tunanyanyasika! Ule mkataba ungesainiwa ningekuwa hapa barabarani saa hizi? Yule Kondo Mungu atamlipa!"

Mzee Kondo aliweka kikombe chini. Mama mkwe alinitazama, bado hajaelewa. Mimi nilikuwa natabasamu. Nilishafungua mdomo kumtajia mmoja mmoja wanaomsikiliza... ndipo ikaingia sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu, sauti ya mtu aliyetulia kwake.

"Achana na simu bwana, uji unapoa. Nikuongeze tambi?"

Mwajabu!

Kila mtu pale mkekani aliijua sauti ile. Mke wa Mzee Kondo akasema, "Astaghafirullah." Mimi niliyetega, mtego ukanifyatukia mwenyewe usoni. Nilijiandaa kumshika mwongo mmoja, kumbe walikuwa wawili, na mmoja sahani yake ilikuwa jikoni kwangu imefunikwa! Tangu lini? Tangu siku zile za mikeka? Mpaka leo sijui, na sitaki kuambiwa.

Mama mkwe ndiye aliyeichukua simu mkononi mwangu.

"Shabani," akamwita kwa jina lake, "mimi mama yako. Niko hapa kwako, na mwenyekiti wako yupo. Leo umefungulia wapi, mwanangu?"

Kisha simu ikakatika.

Aliporudi alikuta kaka zangu wamesimama mlangoni na nguo zake zimo kwenye begi. Alilia, akasema ni shetani. Shetani gani anakaanga tambi? Nilikwenda kwa shehe kudai talaka yangu, na mama mkwe, Mungu amzidishie, ndiye aliyenisindikiza. Niliipata.

Kwa Mwajabu sikupeleka ngumi wala matusi. Niliwaita tena wake wa madereva. Tukabeba mikeka ileile, tukaketi kulizunguka banda lake la uji, tukiwa tumenyamaza tu na kumwangalia. Ni dereva gani atanunua uji mbele ya mkewe? Uji ukachacha sufuriani. Siku ya kwanza alijitia kucheka. Ya pili akatukana. Baadaye akafunga virago, wanasema yuko upande wa Goba. Na Baba Nasra alipomfuata na begi lake hakumpokea! Kumbe alimtaka awe mgeni wa jioni tu, si mtu wa kufuliwa na kuuguzwa.

Sasa sikilizeni linalonifurahisha kuliko yote. Yule bwana amepanga chumba Tandika, peke yake, na hawezi kukaa humo. Kila jioni yeye ndiye wa kwanza kujitolea ovataimu! Lakini mkataba una kikomo. Akishakifikia, Mzee Kondo, anayeusimamia mkataba, anamnyang'anya funguo, geti linafungwa, naye anabaki kwenye benchi la mlinzi hajui aende wapi. Mlinzi aliponihadithia nilicheka mpaka nikashika ukuta. Amemtuma mama yake kuniomba turudiane, na mama wa watu akafikisha ujumbe bila kunitazama usoni. Nilijibu kwa heshima zote kwamba mwanawe aendelee na kazi.

Mnaosema nimekuwa katili, semeni. Ningerudishwa siku ile ningepiga simu ileile.

Lakini kuna mtu sijamtaja kwenye ule mkeka. Nasra, binti yangu wa miaka kumi na moja, ndiye aliyekuwa akipitisha sahani ya tende. Alikuwa amefunga siku hiyo nzima, na alitaka kumwambia baba yake. Alipoona napiga simu alikuja kuinama begani kwangu, anasubiri zamu yake ya kuongea... Alisikia yote. Mimi nilikuwa nawatazama wageni, natafuta nyuso za kushangaa, mtoto wangu sikumwona. Tangu siku ile hapokei simu ya baba yake. Hata mimi nikisema nachelewa kurudi, ananiuliza nachelewa kwa nani.

Wanawake wenzangu, hasa nyie wenye waume wa barabarani, nawaomba. Mkataba wa mumeo usisimuliwe, uone kwa macho yako na muulize mwenyekiti mwenyewe. Mwanaume akikuumiza, sina mdomo wa kukwambia usilipize. Ila siku hiyo wapeleke watoto kwa bibi yao kwanza. Mimi nilikumbuka kumwalika kila mtu, nikasahau kumtoa mwanangu.