Aliyekuwa Akila Chakula cha Chiriku

Kila adhuhuri fundi cherehani aliondoa mguu kwenye kanyagio, akafagia nyuzi, akatandika mkeka. Chumba kilikuwa kimoja tu. Mbele kazi, nyuma ya pazia kitanda. Katikati palikuwa pa kulia chakula, na hapo walisimama wapangaji watatu wasiolipa kodi: masanamu ya kuvalishia nguo. Yalikuwa na mabega, vifua na viuno. Vichwa hayakuwa navyo. Kila moja liliishia shingoni, na shingoni pana tundu jeusi la kupita ngumi.

Mkekani aliketi binti yake wa miaka minne. Walimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza. Hilo lilikuwa zamani, mama yake akiwa hai. Sasa jina lilibaki, sauti ikaenda. Sahani ikiwekwa, kinywa kilifungwa kama pindo lililoshonwa mara mbili.

Siku moja fundi alichoka kubembeleza. Akamwonyesha mtoto sanamu la katikati.

"Unamwona huyu? Alikuwa na kichwa kama chako. Akakataa kula."

Alicheka peke yake. Chiriku hakucheka.

Kuanzia hapo mtoto alipokula hakumtazama baba wala wali. Alitazama juu ya bega la baba, nyuma yake. Fundi akigeuka, hakuona kitu. Masanamu tu, jua la mchana likiyapiga mabegani.

Kisha likaja jingine. Fundi akitoka kwenda bombani, alirudi akakuta sahani nyeupe, haina punje. Mwanzoni alishukuru. Lakini mtoto alizidi kuwa mwepesi. Gauni alilomshonea lilimpwaya. Akalipunguza kiunoni, likapwaya tena. Chakula kinakwisha, na mtoto anakwisha. Basi ni nani anayekula?

Majirani nao wana midomo. Bombani walinong'ona kwamba marehemu hajaondoka, anakuja kula na mwanawe. Fundi aliwaambia wakanong'one kwao. Lakini aliporudi chumbani, cherehani ikiwa kimya, alisikia kitu kikichakura. Taratibu. Kikanyamaza. Harufu tamu ya kitu kinachooza ikampita puani, asijue inatoka wapi.

Akampeleka mtoto kliniki. Walikaa benchini tangu asubuhi, chini ya bango la mtoto mnene anayecheka na kijiko mkononi. Nesi alipima, akakunja uso. Uzito umeshuka, alisema, mlishe vizuri, mwingine aingie. Ikawa basi. Wenye vyeo wana uwezo wa kuchapa bango, ila hawana nafasi ya kumwambia baba afanyeje kinywa kisipofunguka. Hao hao walimwambia mkewe arudi kesho, na kesho ilipofika yeye hakuwepo tena.

Habari za uzito zikamfikia mama mkwe. Ujumbe wake haukuwa na salamu: "Nilikupa binti, ukanirudishia jeneza. Mjukuu sikuachii. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua."

Hapo maji yakamfika fundi shingoni. Hakuwa na mtu mwingine duniani ila huyu mtoto. Akaanza kulisha kwa vita. Alimbana Chiriku pua, kinywa kikifunguka atie kijiko. Mtoto alipaliwa, akatapika, akalia bila sauti. Mgonjwa haulizwi uji, fundi alijiambia, akatia kijiko kingine.

Alasiri moja mwalimu wa chekechea ya mtaani alikuja kujaribu gauni lake. Fundi akalivuta sanamu la katikati ili alivalishe. Likamgomea. Lilikuwa tupu ndani kama ngoma, na siku zote alilibeba kwa mkono mmoja. Leo lilikuwa zito.

Ndani yake kitu kikachakura.

Mwalimu akarudi nyuma. Kwenye tundu la shingo ulitokea mstari mweusi. Ulipanda, ukashuka begani, ukapita kifuani palepale penye moyo wa mtu. Walikuwa sisimizi. Fundi akaliinamisha sanamu. Panya aliruka, akapotelea chini ya pazia. Nyuma yake wali ukamwagika, wa kijivu, na maharage yaliyoota manyoya, na mayai yaliyogeuka rangi, vyote vimeshindiliwa kama pamba ya mto. Juu ya kiti cha cherehani, alipopatazama sasa, palikuwa na alama za nyayo ndogo za mchuzi uliokauka.

"Usimnyang'anye," alisema Chiriku. "Hajashiba."

Sauti ilikuwa ikikwaruza kwa kukaa bure. Fundi alisimama kama aliyepigwa msumari. Mwalimu akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Akishiba itakuwaje, mama?"

"Kichwa kitarudi." Akafikiri. "Mama naye alikataa kula. Shangazi alisema, hali chakula, atatuacha."

Nywele zilimsimama fundi kuliko siku zote alizodhani chumbani mna mzimu. Mzimu aliuleta yeye, kwa ulimi wake.

Mwalimu hakucheka wala hakugomba. Alimwambia Chiriku kwamba sanamu halina njaa, lilitoka kiwandani bila kichwa. Na mama alikuwa mgonjwa. Ugonjwa ndio uliomzuia kula na ndio uliomchukua, si sahani, wala si kosa la mtoto. Kisha akamwita fundi mlangoni.

"Unamlishaje?"

Fundi akaeleza, pua na kijiko na yote. Akamalizia kwamba mgonjwa haulizwi uji.

"Huyu si mgonjwa, fundi. Anaogopa. Ukimbana pua unamwongezea sababu." Akaokota kipande cha kitambaa. "Mteja akikutana na kitambaa asichokijua, unamvisha kwa nguvu?"

"Nikifanya hivyo nitafunga kazi."

"Yeye hufanya nini?"

"Hukishika. Hukifinya. Wengine hunusa kabisa, hukipeleka kwenye mwanga."

"Mtoto na chakula ni vivyo hivyo. Mwache ashike. Aponde, anuse, alambe, hata ateme. Kutema si utovu wa adabu, ndivyo anavyojifunza."

Akaendelea kumwelewesha. Kazi ya mzazi ni kuweka chakula kizuri kwa wakati wake. Kula au kuacha, na kiasi gani, ni kazi ya mtoto. Weka kidogo, ataomba. Kipya kiwekwe kando ya anachokijua, na akikikataa leo usikate tamaa, kirudi siku nyingine bila maneno. Vitisho hapana, hongo ya peremende hapana. Vipande viwe laini na vidogo, mtoto aketi, mtu mzima awe karibu asije akapaliwa. Mtoto asaidie kuandaa. Na mzazi ale pamoja naye.

Hapo fundi aliinamisha macho. Tangu mazishi alikuwa akila amesimama, mgongo kwa mtoto.

"Na kwa nini hayo hayakuandikwa kwenye lile bango la kliniki?" aliuliza kwa uchungu.

"Ukirudi kupima, waulize. Usibanduke benchini mpaka wajibu."

Walilisugua sanamu kwa sabuni, baba na mtoto, kisha yote matatu yakahamia mbele, nyuma ya pazia lingine. Kesho yake Chiriku aliosha maharage na kumenya yai. Alipopewa boga alilifinya mpaka likatoka katikati ya vidole, akajipaka mkono mzima. Fundi alitaka kupiga kelele, akaimeza kelele pamoja na tonge. Siku nyingine mtoto alinusa chungwa, akalamba, akakunja uso, akatema. Baba akaendelea kula la kwake. Baadaye likaja neno. "Papai linateleza." Likaja jingine, "Karoti inalia mdomoni." Maneno na matonge vilirudi vikiongozana. Kliniki mshale wa mizani ulipanda kidogo, na fundi hakubanduka benchini mpaka nesi alipokaa akajibu maswali yake.

Mama mkwe alifika kama alivyosema, na mfuko mtupu wa nguo za mtoto. Waliketi kula. Chiriku alikuwa akizungusha harage kidoleni, halili. Bibi akavumilia, akashindwa. Akafinyanga tonge, akalipeleka kinywani mwa mjukuu.

"Kula, ama yupo atakayekula kwa niaba yako."

Chumba kikapoa. Kinywa cha Chiriku kikafungwa. Macho yake yakapanda taratibu, yakapita bega la bibi, yakasimama pembeni kule nyuma, masanamu yalipokuwa zamani. Bibi aliyafuata, asione kitu, na tonge likabaki hewani.

Fundi alifanya jambo ambalo mkwe halifanyi. Alimshika mama mkwe kiganja.

"Mama, niwie radhi. Mkono wako nauheshimu. Lakini kinywa ni chake."

Chiriku alitazama ile pembe muda mrefu.

"Hakuna mtu," akasema.

Akalifinya harage, akalinusa, akala. Akachukua jingine, akaliweka kwenye sahani ya bibi yake.

"Bibi, lishike kwanza. Ni laini."

Bibi alilishika. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga, akala alichopewa.

Jua lilipopungua alisimama, mfuko kwapani, bapa kama ulivyokuja. Mlangoni alimgeukia fundi.

"Mwezi ujao nakuja tena."

Fundi aliutazama mfuko. "Kumchukua?"

"Kula," alisema bibi.