Urho na Mjukuu wa Dirishani

Kila Ijumaa jioni Marketta alishuka peke yake saunani, kwenye chumba cha mvuke chini ya jengo lao. Kabla ya korona, mumewe Urho ndiye aliyetangulia, taulo begani, akiimba ovyo. Sasa ugonjwa umepungua mjini Tampere na barakoa zimetupwa, ila Urho hatoki. Usiku halali, mchana hali. Ananawa mikono mpaka inapasuka. Binti yao Helka akija na mtoto wake Eelis, Urho huwapungia mkono dirishani. Mjukuu ana miezi sita, babu hajamshika hata mara moja! Inauma, jamani.

Majirani walijua. Lakini kwao mtu akinyamaza huachwa anyamaze, ndiyo heshima. Marketta naye alinyamaza, akawa analia jikoni.

Ijumaa moja jirani yake Pirjo, muuguzi wa zahanati, alimkuta saunani macho mekundu.

"Mvuke huo, au machozi?"

"Mvuke tu."

"Mvuke gani, na mawe ya moto hujayamwagia maji bado?"

Marketta akacheka, kisha akaeleza yote. "Nimemwacha apumzike," alimalizia.

"Umemwacha azame, mwenzangu! Urho anaumwa. Korona haikugusa mapafu tu. Hofu na upweke vimeumiza akili za wengi. Si wazimu, si uvivu, na kuna matibabu."

"Nikimuuliza atakasirika."

"Na akasirike! Muulize anaogopa nini, halafu msikilize. Usimcheke, usimburute. Kisha mje zahanati. Na akisema amechoka kuishi, usingoje kesho, tafuta msaada saa hiyo hiyo."

Marketta akapanda nyumbani. Akauliza. Urho akaitazama mikono yake iliyopasuka.

"Nilimpelekea mama mkate nikiwa na mafua," alisema. "Wiki ile ile korona ikamchukua. Naogopa nitamuua na mtoto."

"Mume wangu! Mzigo wote huo ulikuwa unaubeba peke yako?"

Kwa kuwa hakuweza kutoka, zahanati walimsikiliza kwa simu. Mshauri akamwambia hakuna ajuaye nani alimwambukiza mama yake, na hofu hupunguzwa kidogo kidogo. Urho akaanza na kutoka mlangoni. Kisha ngazi. Siku nyingine alirudi ndani kabla ya kufika chini, na kesho yake akatoka tena. Wapo wanaosifiwa kwa kupanda milima. Ngazi zile zilikuwa mlima wa Urho, naye alizishuka. Mwanamume huyo!

Miezi ikapita. Jumapili moja Helka alibisha hodi, na aliyefungua ni Urho mwenyewe.

"Mikono yangu inakwaruza," alisema. "Nitamuumiza."

"Baba, mshike mjukuu wako bwana!"

Akampokea. Eelis akamkamata pua, akaivuta kwa nguvu zote. Urho akaangua kilio kikubwa mbele ya watu. Hakuna aliyetazama pembeni wala kumwacha alie peke yake. Marketta alisogea, Helka akasogea, wakamkumbatia pale pale mlangoni.